Ndugu Watano na Kiumbe wa Mchangani

Riwaya ya fantasia ya watoto, yaani ile ambayo ndani yake uchawi huchukuliwa kuwa jambo la kweli, ilipata sura mpya nchini Uingereza mwaka 1902, pale mwandishi Edith Nesbit alipochapisha *Five Children and It*, baada ya hadithi hiyo kutoka kwa mfululizo katika jarida la *The Strand Magazine*. Ndugu watano walio likizoni huko Kent, mashambani, wanafukua shimo la kokoto na kumkuta Psammead, kiumbe wa kale mwenye macho yaliyo juu ya pembe na masikio kama ya popo, ambaye hutimiza ombi moja kila siku, nalo hutoweka jua linapotua.

Watafiti wa fasihi ya watoto hawana budi kuzingatia namna Nesbit, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Fabian Society, chama cha wasoshalisti kilichoundwa mwaka 1884, alivyoushusha uchawi kutoka kwenye kasri za wafalme na kuuingiza katika maisha ya kawaida. Sura ya riwaya hiyo inayohusu dhahabu ndiyo yenye uzito zaidi: watoto wanapewa shimo zima la sarafu, lakini kwa kuwa ni za zamani na hazitumiki tena, wenye maduka wanazikataa na polisi anawashuku, hivyo utajiri usio na maelezo unageuka kuwa tuhuma. C. S. Lewis, mwandishi aliyewapeleka ndugu wanne katika nchi ya kubuni ya Narnia mwaka 1950, alikiri waziwazi deni lake kwa Nesbit.