Silikanti: Mwiba Wenye Uwazi

Mwaka 1839 mwanasayansi wa Uswisi, Louis Agassiz, alikuwa na samaki waliogeuka mawe tu mbele yake. Aliona kuwa miiba ya pezi la mkia ina uwazi ndani, kama mwanzi. Akaunganisha neno la Kigiriki la uwazi na lile la mwiba, na hilo ndilo jina ambalo leo Kiswahili hulitamka silikanti.

Kwa karibu miaka mia moja jina hilo lilikuwa la marehemu. Ilidhaniwa kwamba silikanti wa mwisho alikufa miaka milioni 66 iliyopita, zama za dinosaria. Kisha Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho ya East London, Afrika Kusini, akamkuta mmoja kwenye shehena ya meli ya uvuvi. Mwaka uliofuata mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith alimwita Latimeria chalumnae.

Hapo likazuka jina la pili, kisukuku hai, na hilo halifai. Kisukuku ni mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe. Silikanti ana damu. Jike huzaa watoto walio hai, na mapezi yake manene huyachezesha kwa zamu, la kulia na la kushoto, mithili ya mnyama anayetembea. Tena jenasi yake si ile aliyoipa jina Agassiz. Anayemwita kisukuku humfanya mwanafunzi aamini kwamba uhai ulisimama ndani yake, na haukusimama.

Makao yake nayo yanaeleza kwa nini alijificha muda wote huo. Komoro, mchana hujibanza katika mapango ya miamba ya volkano, kwenye kina cha mita 100 na zaidi, penye giza na ubaridi. Usiku hutoka kuwinda. Mwaka 1987 mtafiti Hans Fricke alimpiga picha huko akiwa ndani ya nyambizi ndogo. Wavuvi wa Komoro hawakuhitaji nyambizi: walikwisha kumpa jina, gombessa.

Tanzania alianza kunaswa mwaka 2003, na baadaye wengi walinaswa Tanga, hasa Kigombe, katika nyavu za jarife zilizotegwa kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, Tanga. Jina limekwisha kukaa midomoni, nalo limepata upatanisho wake: silikanti huyu, silikanti hawa. Waandishi wa vitabu vya shule walishike hilo, na kisukuku wawaachie samaki wa mawe.