Ile Gramafoni ya Shaba ni Feki. Ya Kweli Iko Chini ya Kitanda cha Shosho

Wasee, tuanze na habari mbaya. Ile gramafoni yenye tarumbeta kubwa la shaba uliyopiga nayo picha pale hotelini, iliyowekwa mezani kando ya maua ya plastiki, kuna uwezekano mkubwa ni feki. Ndiyo, hata kama ina picha ya yule mbwa. Hasa kama ina picha ya yule mbwa.

Kabla hujanitusi kwa komenti, nisikilize. Kwa miaka mingi kumekuwa na biashara ya kuunganisha gramafoni "za kale" kule India. Fundi anachukua injini ya gramafoni ndogo ya kubebwa, anaitia kwenye sanduku jipya la mbao lililopakwa rangi ya uzee, anachomeka tarumbeta jipya la shaba nyembamba, halafu anagongelea kibati cha His Master's Voice. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazijua vizuri na wamezipa majina ya matusi. Zinauzwa kwa watalii dunia nzima. Huku kwetu nimeziona kwenye maduka ya vitu vya kale, kwenye mikahawa na kwa wapiga picha za harusi.

Mimi sina shida na pambo. Ukitaka pambo, nunua pambo. Shida yangu ni ile injini. Ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka kwenye gramafoni ya kweli, nyeusi, isiyo na urembo wowote, iliyovunjwa ili hiyo feki ya kung'aa izaliwe. Na hiyo nyeusi ndiyo iliyobeba historia yetu.

Hebu turudi nyuma. Thomas Edison alitoa fonografu yake 1877, mashine iliyohifadhi sauti kwenye kitu cha mviringo kama mkebe. Miaka kumi baadaye, 1887, Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, akasajili gramafoni, na muda si mrefu akahamia sahani bapa. Sahani ilishinda kwa sababu ya biashara. Ukishapata mhuri mmoja wa chuma, unagonga sahani nyingi kama matofali kutoka kwa kalibu moja. Mwanzoni ilibidi mtu azungushe kwa mkono wimbo mzima. Mwaka 1896 fundi mmoja wa Camden, New Jersey, aitwaye Eldridge Johnson, akaitengenezea injini ya springi. Unazungusha mpini mara kadhaa, unaachilia, mashine inajiendesha.

Na yule mbwa? Francis Barraud alimchora akisikiliza fonografu ya Edison. Kampuni ya gramafoni ya London ilipoitaka picha hiyo mwaka 1899, ikamwambia afute ile mashine na kuchora yao. Kwa hivyo hata mbwa mwenyewe alibadilishiwa mashine juu kwa juu. Feki zilianza kitambo, msishangae.

Sasa shika hii. Mwaka 1906 kampuni ya Victor kule Marekani ililificha tarumbeta ndani ya kabati. Mwaka 1914 Decca wakauza gramafoni ya kubebwa kama sanduku la safari, na askari wa Uingereza wakaingia nayo kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza. Mwaka 1931 HMV wakatoa modeli ya 102: sanduku jeusi, kifuniko, mpini ubavuni, tarumbeta limekunjwa ndani kwa ndani. Haikuhitaji umeme. Ungeipeleka mahali popote mtu anapoweza kufika na mzigo. Hiyo ndiyo gramafoni iliyofaa Afrika Mashariki. Tarumbeta la nje lilikuwa tayari fasheni iliyopitwa.

Na watu wetu walikuwa wanasikiliza nini? Hapa ndipo shule zilituacha kwenye mataa. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo sijiiti mwanahistoria, lakini miaka yote niliyokaa darasani sikuwahi kusikia kwamba mwaka 1928 mwanamke kutoka Fumba, Unguja, alipanda meli hadi Bombay kuimba kwa Kiswahili mbele ya maikrofoni za HMV. Anaitwa Siti binti Saad. Alizaliwa karibu 1880 katika familia ya watumwa, akafinyanga vyungu na kuviuza huku akiimba njiani. Hakujua kusoma wala kuandika. Alipofika studio Bombay, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi sahani za kuuzwa madukani.

Na ziliuzwa, buda. Kufikia 1931 sahani zake na za wenzake zilikuwa zimepita 70,000. Fikiria hiyo namba bila intaneti, bila redio ya Kiswahili, kwa watu ambao wengi hawakuwa na hela. Mtu mmoja ananunua mashine, mtaa mzima unasikiliza. Mkahawa ukiwa na santuri, wateja wanajaa. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, kitabu kizima. Siti alifariki 1950, lakini sauti yake bado iko kwenye zile sahani, kama hujazikalia.

Tena kuna kitu kizuri kuhusu sahani yenyewe. Si plastiki. Ni shelaki, ute mgumu unaotolewa na wadudu wadogo wa miti kule India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi meusi. Sahani ya inchi kumi inabeba kama dakika tatu kila upande, ikizunguka mara 78 kwa dakika. Taarabu haijui dakika tatu. Ilibidi wimbo ukatwe au ugawanywe pande mbili. Mkilalamika kwamba video fupi zimeharibu muziki, jueni Siti alikutana na hiyo shida karibu miaka mia iliyopita, na akaimba tu.

Baada ya Vita vya Pili gari likahamia Nairobi. Vijana waliokuwa jeshini walirudi wakiwa wamesikia magitaa ya dunia nzima. Fundi Konde, mtu wa Pwani, aliimbia wanajeshi hadi Burma, akarudi kurekodi na Peter Colmore kwa lebo ya HMV. Mwaka 1947 East African Sound Studios ikaanza hapa Nairobi, na sahani za Jambo zikaingia sokoni. Hakuna aliyezipiga kwenye tarumbeta la shaba lenye maua ya plastiki. Zilipigwa kwenye masanduku meusi.

Hata huko ndani mashambani santuri ilifika kabla ya barabara nzuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa 1933, vile masikio ya Kapkatet yalivyolisikia kutoka kwenye santuri. Wakamgeuza kiumbe nusu mtu nusu swala. Mashine ya springi ilileta sauti ya mgeni, watoto wakaichukua wakatengeneza yao. Katikati ya miaka ya 2010, rekodi hiyo ilirudishwa kijijini na baadhi ya waliokuwepo wakati ule wakaisikia tena. Ilirudi kwa sababu kuna mtu aliihifadhi. Hakuna sababu nyingine.

Sasa tuongee kuhusu kukarabati, kwa sababu hapa ndipo tunapopotea. Wengi wakisikia "kurestore" wanafikiria kung'arisha. Nilikaa siku tatu kwa mzee mmoja fundi wa redio Mombasa akifungua HMV 102 iliyokuwa imelala miaka. Siku ya kwanza hakugusa rangi hata kidogo. Nikamuuliza, "Babu, mbona hatuipaki rangi kwanza?" Akanijibu, "Mwanangu, mgonjwa wa moyo humkati nywele." Nikanyamaza.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuachilia nguvu yote ya springi. Ile springi ni ukanda mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo. Ukiitoa ikiwa na nguvu inaruka na kukata vidole, usijaribu kwa sababu umeona video. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama lami, ndiyo maana mashine ilikuwa inagonga ndani na kuruka mwendo. Aliiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka grisi mpya yenye grafaiti. Halafu akaenda kwenye kidhibiti mwendo: vyuma vitatu vidogo juu ya springi bapa, vinatanuka kadiri vinavyozunguka, na kipande cha ngozi kinavizuia visizidi. Ngozi ikikauka, Siti anaimba kama anakimbizwa. Tone la mafuta, basi.

Mwisho ni kichwa cha sauti, kile kiduara kinachoshika sindano. Ndani kuna kiwambo chembamba cha alumini, kinachotetemeka kama ngozi ya ngoma. Kinakaa katikati ya mipira, na mipira hiyo baada ya miaka themanini inakuwa mawe. Ndiyo maana gramafoni nyingi zinatoa sauti ya bati. Watu wanasema "imezeeka, iko hivyo." Hapana. Badilisha mipira, sauti inarudi. Alipoweka sahani, chumba kizima kilijaa, na hakuna waya hata mmoja ukutani. Rangi hatukuigusa kabisa. Ile mikwaruzo kwenye kifuniko ni maisha ya mtu.

Sindano nazo. Sindano ya chuma inapigwa upande mmoja tu, halafu inatupwa. Ule unga wa mawe kwenye sahani umewekwa makusudi uisage sindano mpaka ikae sawa na mfereji. Mwisho wa wimbo sindano imepata makali kama patasi. Ukiirudia, unachonga sauti ya marehemu na kuitoa kama vumbi jeusi. Ndiyo maana HMV waliziuza kwa mikebe ya 200. Kwa hivyo yule jamaa wa mkahawa anayepiga sahani ileile na sindano ileile kila wikendi ili wateja warekodi, anaiua sahani mbele ya kamera na watu wanampigia makofi.

Na sahani zimeshauawa vya kutosha. Wakati wa Vita vya Pili shelaki ilipokuwa adimu, watu wa Marekani na Uingereza waliombwa warudishe sahani za zamani zisagwe zitengenezwe mpya. Wao walikuwa na viwanda na maghala yenye nakala nyingine. Sisi kwa nyimbo nyingi tuna zile tu zilizobaki majumbani. Sahani ya msanii wa Ulaya ikivunjika, mkusanyaji anatafuta nyingine mnadani. Ya kikundi cha Mombasa cha mwaka wa 1930 ikivunjika, pengine ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Nitasema kitu ambacho wenye maduka hawatapenda. Kwenye hii biashara tumepindua thamani. Nimeona dalali akinunua sanduku zima, mashine na sahani pamoja, akachukua mashine akaacha sahani kwenye mvua kwa sababu "hizo hazina soko." Mashine ilitengenezwa kiwandani, nyingi, zinafanana zote. Sahani ndiyo ina shangazi ya mtu ndani yake. Mkusanyaji anayejiheshimu angeanza na sahani, mashine ifuate.

Mtaniambia, "Lakini si ni mali ya mtu, auze atakavyo?" Sawa. Shosho ana haki ya kuuza, na bili ya hospitali haingojei historia. Sisemi asiuze. Nasema kabla hajauza, nakala ya sauti ibaki nyumbani. Hiyo haimpunguzii bei hata shilingi.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukikuta sahani, usizirundike kwa kulala, zisimamishe kama vitabu, mbali na jua, zisije zikapinda. Usizisafishe na spiriti, maana spiriti inayeyusha shelaki, utafuta wimbo kwa mikono yako. Kitambaa laini chenye maji kidogo, kausha saa hiyo hiyo. Usiipige sahani ya plastiki ya miaka ya sabini kwenye gramafoni ya springi, ule mkono mzito utailima kama jembe. Piga picha ya kibandiko, pande zote mbili: jina la mwimbaji, lebo, namba. Tafuta mtu mwenye mashine ya umeme yenye sindano pana ya sahani za 78, muinakili mara moja kwa utulivu. Halafu umuulize shosho huyo anayeimba ni nani na walimsikilizia wapi. Hilo jibu halijaandikwa kwenye kibandiko.

Na ukitaka gramafoni, tafuta sanduku jeusi. Haitapendeza kwenye picha. Ila ukizungusha mpini na kushusha sindano mpya, itafanya kazi iliyoletwa kufanya. Ile ya shaba waachie wapiga picha za harusi.

Kwenu kuna sahani? Leo jioni piga simu nyumbani uulize, kabla dalali hajapita.