Starehe, Undugu na Watoto wa Barabarani wa Nairobi

Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji wa Nairobi. Walioitwa wafuasi wa Mau Mau, waasi waliopigana na utawala wa kikoloni, walisakwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa vizuizini. Mzazi akichukuliwa, mtoto alibaki. Mashambani nako, kuanzia mwaka huo huo, watu walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, kwa hiyo hata kukimbilia kwa nyanya haikuwa njia ya uhakika. Wavulana wengi waliishia masokoni na vituoni, wakibeba mizigo mchana na kulala popote usiku.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na jibu lake la siku nyingi, nalo ni sheria ya uzururaji. Polisi alimkamata kijana, hakimu akaamuru arudishwe kwao au apelekwe shule ya marekebisho kama ile ya Kabete. Aliyerudishwa mahali pasipo na chakula hakukawia kuonekana tena mjini.

Vijana waliokamatwa katika vita vya Mau Mau waliwekwa kwanza Manyani pamoja na watu wazima, kisha wengi wao wakahamishiwa kambi ya Wamumu. Msimamizi mmojawapo alikuwa Geoffrey Griffin, Mzungu aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933 na kutumikia jeshi la King's African Rifles. Wamumu palikuwa na masomo, ufundi na michezo, lakini tusijidanganye: ilikuwa kambi ya wafungwa, na waliofungwa walikuwa watoto. Vita vilipokwisha, Griffin na wenzake wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walitaka kufanya kazi hiyo bila kizuizi. Novemba 1959 wakafungua kituo cha wavulana mjini Nairobi, katika vibanda viwili vya bati walivyopewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Kituo hicho ndicho Starehe.

Mwanzoni kilikuwa mahali pa kulala, kula na kusoma kidogo. Shirika la Save the Children lilisaidia, darasa likaongezwa juu ya darasa, hadi ikawa sekondari kamili. Kila wiki kulikuwa na baraza ambapo mvulana yeyote aliruhusiwa kusimama na kuuliza jambo lolote, hata kumlalamikia mwalimu. Kwa Kenya ya enzi hizo jambo hilo lilikuwa nadra shuleni. Kinaya ni kwamba mmoja wa wasimamizi wa hapo alikuwa Patrick Shaw, polisi wa akiba aliyeogopwa kuliko wote na majambazi wa Nairobi. Griffin mwenyewe aliteuliwa mwaka 1964 kuongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa, akashika kazi hizo mbili kwa miaka mingi.

Starehe ilifaulu mno, na mafanikio yakaibadilisha. Ilipoanza kushika nafasi za juu katika mitihani ya taifa, nafasi zake zikawa za maskini mwenye alama nzuri. Hilo si dogo. Wako madaktari na wahandisi ambao bila Starehe wasingesoma. Lakini mtoto anayelala barabarani hana alama za kuonyesha, kwa kuwa hakuufanya mtihani.

Kufikia miaka ya 1970 watoto wa barabarani walikuwa wamepata kazi mpya katikati ya jiji: kumwonyesha dereva nafasi ya kuegesha gari, kulilinda, na kungoja sarafu. Jiji likawaita “parking boys”. Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Mapadre Weupe, aliwafuata huko huko walikokaa, na mwaka 1973 akaanzisha Undugu Society of Kenya. Naye alianza kwa kuwapa makao. Muda si mrefu Undugu wakagundua tatizo: ukimtoa mvulana mmoja barabarani, mwingine kutoka mitaa ya mabanda kama Mathare au Pumwani anachukua nafasi yake, maana nyumba aliyotoka haijabadilika.

Basi wakahamishia kazi yao katika mitaa walikotoka watoto hao. Mwaka 1978 walianzisha elimu ya msingi iliyofupishwa kwa watoto waliopita umri wa darasa la kwanza, isiyodai sare wala karo ambazo ndizo zilizowafungia nje ya shule za serikali. Waliomaliza waliunganishwa na mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo zisizo rasmi, wakajifunza kuchomelea vyuma au useremala kwenye karakana ya mtaani badala ya chuo cha mbali. Katika vitongoji vya mabanda vya Pumwani, Undugu walishirikiana na wakazi kujenga upya nyumba. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipoipita Starehe kwa busara, ingawa kazi ya namna hiyo haina orodha ya matokeo ya kuchapisha gazetini.

Serikali ilichelewa. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997, na Sheria ya Watoto ikapitishwa 2001. Mwaka 2003 ada ya shule za msingi iliondolewa, na ukaundwa mfuko maalumu wa kuzisaidia familia za mitaani, miaka 30 baada ya Padri Grol kuanza. Sensa ya familia hizo iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi.