Ngome ya Chetambe
Ngome ya Chetambe ni mabaki ya boma la kale la Watachoni, kwenye vilima vilivyo juu ya Webuye, jirani na Lugulu, Kaunti ya Bungoma. Haikujengwa kwa mawe: wajenzi walichimba handaki kuzunguka makazi, na udongo uliotoka humo ukawa ukuta. Kwa hiyo kila pigo la jembe lilizaa kinga mbili kwa pamoja, na hapo ndipo ustadi wake ulipo. Mwaka 1895 Watachoni na Wabukusu walijihami humo dhidi ya msafara wa Waingereza ulioongozwa na Charles Hobley. Bunduki za kisasa ziliwashinda. Udongo humomonyoka upesi, hivyo handaki lililosalia lastahili ulinzi wa haraka.