Bao na Drafti: Mwendo, Kina na Hamu ya Kurudia

Bao na drafti ni michezo miwili ya ubao ya watu wawili ambayo, pamoja na karata na keram, imekuwa kazi ya vijiwe vya katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mnazi Mmoja na Gerezani hadi mitaa inayolizunguka soko la Kariakoo. Bao ni mchezo wa pwani ya Afrika Mashariki, wa ukoo mmoja na omweso wa Uganda na hawalis ya Oman. Drafti ilikuja kutoka Ulaya, ikazoeleka haraka kiasi kwamba leo hakuna anayeiita mgeni. Wanaoilinganisha kwa kawaida husema drafti ni ya haraka, nyepesi na ya vijana, na bao ni la taratibu, zito na la wazee. Kauli hiyo ina ukweli kidogo uliopangwa vibaya. Hapa inashikiliwa kwamba karibu kila tofauti ya maana kati ya michezo hii, iwe ya mwendo, ya kina au ya hamu ya kuirudia, inatokana na kanuni moja tu: kete iliyoliwa inakwenda wapi. Katika drafti inatolewa nje ya ubao, basi. Katika bao inahamia upande wa aliyeila na kuanza kumtumikia.

Inafaa kwanza kuona jinsi michezo hii inavyofanana, maana kufanana huko ndiko kunakoipa kanuni hiyo uzito. Ubao wa bao una safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32. Ubao wa drafti una miraba 64, lakini kete hutembea kwenye miraba ya rangi moja peke yake, na hiyo pia ni 32. Mahali pa kuchezea ni pale pale kwa idadi. Kinachotofautiana ni kinachoweza kukaa mahali hapo. Mraba wa drafti ama ni mtupu, ama una kete, ama una kingi (kete iliyovuka hadi mwisho wa ubao), wa huku au wa kule, na jicho likipita mara moja limeshamaliza kusoma. Shimo la bao linaweza kuwa tupu, au na kete mbili, saba, kumi na tano. Kete za bao ni 64, kwa desturi mbegu za komwe, na hazipungui tangu mwanzo hadi mwisho. Kete za drafti ni 24, kumi na mbili kwa kila mtu, mara nyingi vizibo vya soda vilivyogeuzwa kwa upande mmoja na kuachwa wima kwa mwingine, na kila anayekula anaufanya ubao kuwa mweupe zaidi.

Mwendo wa mchezo ukipimwa kwa urefu wa zamu, drafti inaonekana kushinda, kwa kuwa zamu yake ni kusogeza kizibo au kuruka. Lakini kipimo hicho hakitoshi, kwani mchezo wenye zamu fupi unaweza kuchosha na wenye zamu ndefu ukasisimua. Kipimo kizuri zaidi ni umbali kati ya kosa na malipo yake. Katika drafti umbali huo una mteremko unaotabirika: aliyetangulia kwa kete mbili anahitaji tu kubadilishana moja kwa moja, na kila mabadilishano yanamkuza, kwa kuwa sita kwa nne ni hali nzuri kuliko kumi kwa nane, na mbili kwa sifuri ni ushindi. Ndiyo maana mchezaji mzoefu husimama na kukabidhi kiti hata kabla ya kizibo chake cha mwisho kuliwa. Bao halina mteremko huo. Mchezo wa Kiswahili huanza na kete kumi tu ubaoni kwa kila upande, sita zikiwa kwenye nyumba, shimo maalumu la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili jirani, huku 22 zikibaki mkononi. Kila zamu ya namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, huingiza moja. Kete zilizoliwa husambazwa kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, na zamu inaweza kuishia hapo, au kete ya mwisho ikaangukia shimo lenye wenzake linalotazamana na kete za mpinzani, zikaliwa nazo, zikasambazwa tena. Mkono unazunguka, upande mmoja unajaa na mwingine unakauka, na yote hayo ni zamu moja. Anayeliita bao mchezo wa taratibu ametazama sura za wachezaji, hakutazama ubao.

Kwa hiyo kama mchezo hautamalizwa mapema kwa mmoja kufungwa mkononi, yaani kabla ya kete zake za akiba kwisha, namua peke yake huchukua zamu 44, na mtaji, hatua ya kucheza bila akiba mkononi, ndio kwanza unaanza. Huo ni urefu wa kweli na haufai kufichwa. Hata hivyo ni urefu usio na sehemu iliyokufa. Drafti, kinyume chake, ina ufunguzi ambao wenyeji huucheza bila kufikiri na umaliziaji ambapo mwenye kingi wengi anamfukuza mwenye mmoja kwenye mlalo mrefu. Katikati ya vipande hivyo viwili ndipo mchezo ulipo.

Kuhusu kina, mpenzi wa drafti ana haki ya kupinga, tena kwa ushahidi mzito. Msenegali Baba Sy aliufanya mchezo huu, kwa ubao wa miraba mia, kuwa taaluma, na mwaka 1986, miaka minane baada ya kifo chake, alitambuliwa rasmi kuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1963. Mmarekani Marion Tinsley alitawala drafti ya Kiingereza kwa miongo minne akipoteza michezo ya kuhesabika. Ilimchukua Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, tangu mwaka 1989 hadi 2007 kuthibitisha kwa kompyuta kwamba katika drafti hiyo wawili wasiokosea hutoka sare, baada ya kukabili mchezo wenye hali zipatazo bilioni mia tano mara bilioni. Mchezo wa namna hiyo hauwezi kuitwa mwepesi. Ikumbukwe pia kwamba kingi wa Kiingereza hupiga hatua moja moja, wakati kingi wa vijiwe vingi vya Dar es Salaam hukimbia mlalo mzima, hivyo hesabu ya Alberta haiwezi kubebwa ilivyo na kuwekwa Mtaa wa Msimbazi.

Hoja hiyo ikikubaliwa, bado kina cha michezo hii si cha aina moja. Kina cha drafti ni cha kuona mbali kwenye njia iliyo wazi. Kwa kuwa kula ni lazima, mchezaji hutoa kete moja kama chambo, humlazimisha mwenzake aruke, kisha humla mbili au tatu. Mtego huo ukishafahamika, hufundishika. Mtu anaweza kumwonyesha mwingine kwa dakika chache, na kesho yake ukatumika mtaa wa pili. Kina cha bao ni cha kuona mbali kwenye njia inayobadilika kila inapokanyagwa. Zamu moja inaweza kubadilisha idadi katika nusu ya mashimo, na kete moja ikizidi au ikipungua huamua kama msambao utaishia penye kula au patupu. Wapo wanaodai kwamba basi bao ni hesabu tu, na mwenye kichwa cha kujumlisha atashinda daima. Dai hili linasahau nyumba. Shimo hilo, likiwa bado na kete sita au zaidi na msambao ukakomea humo wakati wa namua, humpa mwenyewe uamuzi: alale hapo, au asafiri, achote hazina yote na kuitawanya. Akilala, anahifadhi nguvu ambayo mpinzani anaweza kuifikia na kuila nzima. Akisafiri, anapata mashambulizi ya mara moja na kubaki bila tegemeo. Hesabu humwonyesha kitakachotokea zamu hii, lakini thamani ya nyumba zamu sita mbele huamuliwa kwa busara ya mchezo. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kutoa kitabu chake mwaka 1995, alilichukua bao kuwa mahali pa kupimia mipaka ya akili ya binadamu, na sababu yake inaeleweka.

Ushahidi mwingine wa tofauti hii uko kwenye namna ya kushindwa. Katika bao anafungwa ambaye safu yake ya mbele imekauka, au asiye na zamu ya kucheza, hata kama safu ya nyuma bado ina kete. Wingi peke yake si ushindi, na mtu aliyeonekana maskini kwa zamu kumi anaweza kumla tajiri nyumba yake na kuugeuza mchezo. Katika drafti kurudi kutoka kwenye umaskini kunategemea kosa la mwenzako. Katika bao kunaweza kutokana na mchezo wako mwenyewe.

Ikiwa bao lina hayo yote, kwa nini pembezoni mwa soko, kwenye vijiwe vya bodaboda na wabeba mizigo, drafti ndiyo inayokutwa zaidi? Jibu linalotolewa haraka ni majengo. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili za vyumba sita ilikuwa na baraza mbele ya kila mlango, na baraza ndiyo kiti cha bao. Maghorofa yenye fremu za biashara chini yameimeza mitaa hiyo, na mwenye fremu hataki wazee wanne mlangoni pake. Jibu hili ni zuri lakini ni nusu. Bao linaweza kuchezwa kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini (ingawa lami na pevingi hazichimbiki), na drafti nayo inahitaji benchi. Nusu ya pili imo katika kanuni ile ile. Ubao wa drafti humweleza mpita njia kila kitu. Mbeba mzigo aliyefika sasa hivi anajua nani anaongoza, anatoa ushauri asioombwa, na akiitwa kwenda kushusha gunia, mwingine anashika nafasi yake bila kuuliza swali. Bao haliruhusu hivyo. Nani anaongoza ni jambo la kubishaniwa, sehemu ya nguvu imo mikononi na wala haiko ubaoni, na aliyeingia katikati amepotea.

Hapo ndipo hamu ya kurudia inapojigawa. Drafti hurudiwa kwa sababu watu hubadilika: aliyefungwa anapisha, anakaa mwingine mwenye mitego yake, na mchezo mmoja unakuwa mpya kwa kuwa adui ni mpya. Wakikutana wawili wanaojuana kwa miaka, sare huongezeka na foleni inaanza kunung'unika. Bao hurudiwa kwa sababu mchezo wenyewe hubadilika, hivyo wawili wale wale wanaweza kukaa jioni kwa jioni bila kuchokana. Julius Nyerere alipostaafu na kurudi Butiama, bao ndilo alilokuwa akicheza, na kijiji hakina foleni ya wapinzani wapya. Anayetaka kulianza hapaswi kuanzia na namua. Lipo bao la kujifunza, linalotumia ubao ule ule na kete zile zile 64, mbili katika kila shimo tangu mwanzo, bila akiba mkononi, na mwenye kulizoea hilo ndiye atakayeona kwa nini wakubwa wanabishana juu ya kulala na kusafiri.