Vimulimuli kwenye mikoko: safari ya mtumbwi ya jioni inaenda namna gani, na nini inaweza kuiua

Kuko mito miwili huko Asia ya kusini-mashariki ambako watu wanalipa pesa ili wakae kimya gizani ndani ya mtumbwi na kuangalia mti. Mto wa kwanza ni Selangor, inchi ya Malaysia. Wa pili ni Mae Klong, inchi ya Thailand. Mti ni uleule, na wadudu wa pande zote mbili ni ndugu wa karibu. Lakini huku wakaaji wanaulinda ule mti, na kule kuko waliochukua panga wakaukata. Hapa tunaeleza safari yenyewe, mdudu mwenyewe, na juu ya nini vijiji viwili vyenye utajiri mmoja vilifika mahali tofauti. Ni habari ambayo mkaaji yeyote wa kando ya ziwa au mto anaweza kuielewa.

Kimulimuli ni mdudu gani?

Kila mtoto wa Kivu, wa Tanganyika au wa Ituri amekwisha kumfukuza kimulimuli kwenye majani jioni. Watu wengi wanafikiri ni aina ya nzi. Hapana. Kimulimuli ni wa jamii ya mbawakawa, wale wadudu wenye mabawa magumu mgongoni. Duniani kuko aina zaidi ya 2,000.

Mwanga wake unatoka sehemu ya mwisho ya tumbo. Ndani yake kuko kemikali inayoitwa lusiferini. Ikikutana na oksijeni, ikisaidiwa na kemikali nyingine inayoitwa lusiferasi, inatoa mwanga. Mwanga huo hauna joto. Balbu ya nyumbani, ile ya zamani, inapoteza nguvu nyingi kwa kuwa moto, lakini kimulimuli unaweza kumshika mkononi bila kusikia moto wowote.

Anawaka juu ya kutafuta mwenzake. Dume anatoa alama, jike anajibu, na kila aina ina namna yake ya kuwaka. Hapa kwetu kwa kawaida tunawaona mmoja mmoja wakipita juu ya majani, kila mmoja na saa yake. Kwenye mikoko ya Asia mambo ni mengine. Madume maelfu wanakaa kwenye mti mmoja na kuwaka pamoja, kisha kuzima pamoja. Aina ya mto Selangor, ambayo wataalamu wanaiita Pteroptyx tener, ni mdudu mdogo wa milimita 6 hivi, na anawaka karibu mara tatu kwa sekunde. Mti mzima unakuwa sawa na moyo unaopiga.

Jambo lililobishaniwa miaka mingi

Wasafiri wa Ulaya walianza kuandika habari hii zamani. Mjerumani Engelbert Kaempfer, aliyepita Siam (Thailand ya leo) mwaka 1690, alieleza miti ya kando ya mto iliyowaka na kuzima kwa pamoja. Wasomi wengi hawakukubali. Mwaka 1917, katika jarida Science la Marekani, mtu mmoja aliandika kwamba ni kope za macho ya mwenye kuangalia ndizo zinazofunga na kufungua, wala si wadudu.

Jibu lilitoka miaka ya 1960. Mwanabiolojia John Buck na mke wake Elisabeth walienda Thailand, wakakamata vimulimuli kwenye mto na kuwaachilia ndani ya chumba chao cha hoteli mjini Bangkok, taa zikiwa zimezimwa. Mwanzo kila mdudu aliwaka kivyake. Kisha wawili walikubaliana, wakawa watatu, na vikundi vikazidi kukua. Hakuna mkubwa anayetoa amri. Kila mdudu anaangalia jirani yake na kusogeza kidogo wakati wake wa kuwaka, mpaka wote wanafika pamoja.

Juu ya nini mikoko, na mti gani?

Mikoko, ambayo wengine wetu wanaijua kwa jina la Kifaransa mangroves, ni miti inayoota kwenye matope mahali maji ya bahari na maji ya mto yanakutana. Vimulimuli hawa hawakai kwenye kila mkoko. Wanapenda zaidi mmoja ambao Wamalaysia wanauita berembang, na Wathai wanauita lamphu. Unaota pale chumvi inaanza kupungua, kilomita kadhaa ndani ya mto. Ndugu yake wa karibu anapatikana kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, ambako wavuvi wanamwita mlilana.

Lakini ule mti ni uwanja wa ndoa tu, si nyumba ya kulelea watoto. Jike akiisha kupata dume, anaenda kutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu wa ukingo wa mto. Buu linalotoka linaishi chini, kati ya majani yaliyooza na michikichi mifupi ya matopeni inayoitwa nipa, na linakula konokono wadogo. Linaishi hivyo majuma mengi mbele ya kuwa mdudu mwenye mabawa, na huyo mwenye mabawa anaishi majuma machache tu.

Shikeni jambo hili, juu habari yote inayofuata inasimama hapo: mgeni anaangalia mti, lakini maisha ya mdudu yako kwenye udongo.

Kampung Kuantan: jioni inavyoenda

Kampung Kuantan ni kijiji cha kando ya mto Selangor, karibu na mji mdogo wa Kuala Selangor. Kutoka mji mkuu Kuala Lumpur, kwa gari, ni saa moja na zaidi kidogo. Wageni wanafika jioni jua likizama, wanakata tiketi, wanavaa jile za kuelea majini, na kungojea giza. Kazi inaanza kama saa moja na nusu ya usiku.

Mtumbwi wa huko unaitwa sampan. Ni wa mbao, unachukua wageni wanne, na nyuma anakaa mpiga kasia mmoja, mtu wa kijiji. Hakuna motere. Anapeleka mtumbwi polepole karibu na ukingo, anasimama chini ya mti, anaacha watu waangalie, kisha anaendelea kwenye mti mwingine. Safari ni karibu nusu saa. Upande mwingine wa mto, mahali panaitwa Bukit Belimbing, wanatumia mashua zenye motere ya umeme, ambayo nayo haina makelele.

Msomaji wa Goma, Bukavu, Uvira au Kalemie atashangaa kusikia watu wanapanda mtumbwi usiku kwa kujifurahisha. Hapa kwetu usafiri wa usiku kwenye maziwa umeua watu wengi, na hofu hiyo ni ya haki. Tofauti iko hivi: kule ni mto uliotulia, hakuna mawimbi ya ziwa wazi, ukingo uko karibu wakati wote, idadi ya watu haizidi nafasi, na kila mtu ana jile. Mvua kubwa ikija, mitumbwi haitoki.

Masharti ni machache lakini yanafuatwa. Hakuna tochi. Hakuna kupiga picha kwa mwanga wa telefone. Hakuna kuvuta tumbaku, kutikisa matawi wala kukamata mdudu. Sababu yake ni wazi: jike anatafuta mwanga mdogo sana wa dume, na taa ya mtu inamfanya kipofu. Kwa sababu hiyo pia usiku wa mwezi mkubwa si usiku mzuri wa kwenda.

Hatari inatoka mbali na mti

Wakaaji wa Kampung Kuantan waliona mapema kwamba mti uliosimama una pesa kuliko mti uliolala. Lakini kulinda miti ya mbele ya maji peke yake hakutoshi. Nyuma ya ukingo, watu walikata nipa na vichaka ili wapande ngazi, yaani michikichi ya mafuta, au wachimbe mabwawa ya kufugia kamba. Udongo ukikauka, konokono wanakufa. Konokono wakifa, mabuu yanakosa chakula. Mti unaweza kubaki mzima, wenye majani ya kijani, na usiwe na mwanga hata mmoja.

Tena, mapema miaka ya 2000, bwawa kubwa lilijengwa juu ya mto ili kupeleka maji mjini. Watu wa mazingira, wakiwemo wa shirika la Malaysian Nature Society, walieleza hofu yao: maji matamu yakipungua, chumvi ya bahari inapanda ndani zaidi ya mto, na berembang hapendi chumvi nyingi.

Mwaka 2009 serikali ya jimbo la Selangor ilitangaza sehemu za ukingo wa mto kuwa eneo la kulindwa kwa ajili ya vimulimuli. Mwaka 2010 wataalamu wa inchi mbalimbali walikutana kwenye jimbo hilo na kutoa Tangazo la Selangor, linaloomba serikali zilinde mahali vimulimuli wanaishi. Hata hivyo, aina hii ya kimulimuli leo iko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini.

Amphawa: wakati wakaaji wanakata mti

Sasa tuende Thailand, kwenye mji wa Amphawa, jimbo la Samut Songkhram, kusini-magharibi ya Bangkok. Hapo soko la zamani la juu ya maji lilifufuliwa mwaka 2004. Wageni wakajaa kila mwisho wa juma, na jioni wote walitaka kuona vimulimuli wa mto Mae Klong.

Mashua zikaongezeka, na hizi zina motere za mafuta. Zilipita usiku, moja nyuma ya nyingine, karibu kabisa na nyumba za watu, juu miti ya lamphu inaota mbele ya nyumba. Makelele yaliwanyima watoto na wazee usingizi. Mawimbi ya mashua yalikula ukingo. Wengine waliwasha taa kubwa juu ya miti ili wageni waone vizuri. Na pesa ya tiketi ilibaki kwa mwenye mashua. Mwenye mti hakupata kitu, zaidi ya makelele.

Basi wakaaji kadhaa walikata ile miti. Kwa hesabu yao ilikuwa sawa: hakuna mti, hakuna kimulimuli, hakuna kimulimuli, hakuna mashua, hakuna mashua, tunalala.

Ni rahisi kuwahukumu kwamba hawapendi mazingira. Lakini ile miti ilikuwa imesimama pale miaka na miaka mbele ya wageni kufika, na wao ndio walioiacha isimame. Wataalamu wa Thailand waliofuata habari hii walisema wazi: utalii wa vimulimuli ukipangwa vizuri unalinda mdudu, ukiachwa bila mpango unamaliza mdudu na amani ya kijiji.

Na hapa Congo?

Inchi yetu ina mikoko, lakini iko mbali na sisi: Muanda, jimbo la Kongo Central, mahali mto Congo unaingia baharini. Pwani yetu yote ni karibu kilomita 40 tu. Hifadhi ya Bahari ya Mikoko ilianzishwa kule mwaka 1992, na inasimamiwa na ICCN, shirika lilelile linalosimamia Virunga na Kahuzi-Biega. Hatari yake kubwa tunaijua hata huku: watu wanakata mikoko kwa kuchoma makala.

Huku mashariki hatuna mikoko, ila tuna kingo. Matete ya delta ya Ruzizi, vichaka vya kando ya ziwa Kivu, ya Tanganyika na ya Édouard, vyote ni mahali samaki wanazaa na ndege wanajificha. Tunavikata na kuvichoma bila kuuliza nani anaishi chini yake. Na siku mtu akija na mpango wa kuleta wageni kuangalia ndege, viboko au samaki, Selangor na Mae Klong zinatuachia maswali matatu ya kumuuliza mbele ya kukubali:

1. Pesa ya tiketi itafika kwa nani? Kama mwenye ukingo hapati kitu, hatalinda kitu.
2. Mashua ngapi, motere gani, mpaka saa ngapi? Kijiji kinachokosa usingizi kitachoka haraka.
3. Mnalinda kile mgeni anaona, ao pia kile kinachokilisha? Mti bila udongo wake ni kuni tu.

Kila mwaka, mwisho wa juma la kwanza la mwezi wa saba, ni Siku ya Vimulimuli Duniani, ambayo ilianza mwaka 2018. Haihitaji tiketi ya ndege. Zima taa ya nje, toa watoto kwenye baraza na uhesabu nao mianga mnayoiona. Kama ni michache kuliko ile uliyoiona wewe ukiwa mtoto, angalia kwanza ukingo wa kijito kilicho karibu na nyumba yako.