Lishe na moyo wa samaki wa kufugwa

Chakula cha samaki wa mabwawani kinaweza kuathiri umbo na misuli ya moyo wake. Kisiwani Pemba samaki anayefugwa zaidi katika maji ya bahari ni mwatiko, kwenye mabwawa yanayochimbwa kando ya mikoko. Ukimpasua jikoni Chake Chake, moyo utaukuta chini ya koo, nyuma tu ya matamvua: mdogo, mwekundu, wenye chumba kimoja cha kupokea damu na kimoja cha kuisukuma.

Ushahidi mwingi wa athari hizo unatoka kwa samoni wa Ulaya. Samoni wa mwituni ana moyo wenye umbo la piramidi. Moyo wa samoni wa kufugwa mara nyingi huwa wa mviringo, umezungukwa na mafuta. Mwaka 1991 watafiti wa Scotland waliripoti kuwa samoni waliolishwa mafuta ya alizeti walipata vidonda vikubwa vya misuli ya moyo. Mafuta hayo yana asidi za mafuta za omega-6 nyingi na hayana zile za omega-3 za samaki. Upungufu wa vitamini E na seleni nao huidhoofisha misuli hiyo.

Mwatiko si samoni. Hula zaidi utando wa mwani unaoota chini ya bwawa, kwa hiyo si haki kumbebesha matokeo yote ya Ulaya. Hatari huongezeka anapoongezewa pumba za mpunga, kwani mafuta ya pumba hizo huchacha upesi na kuharibu vitamini E. Pumba zihifadhiwe pakavu, kivulini, na zitumike zikiwa mpya.